Mtakatifu Elisabeti wa Hungaria, Binti Mfalme na Mjane

Wako watakatifu wawili wenye jina la Elisabeti wanaojulikana sana, na wakatekumeni wanaochagua jina hilo kwa ubatizo wao huwachanganya mara nyingi. Wa kwanza ni mama wa Yohane Mbatizaji, yule aliyeamkiwa na Bikira Maria kule milimani. Wa pili alizaliwa Ulaya miaka 1200 baadaye, akawa binti wa mfalme, mke wa mtawala, kisha mjane akiwa na miaka 20 tu. Habari hizi ni za huyo wa pili.

Maisha yake yanajulikana vizuri kwa sababu moja. Alipokwisha kufa, wajumbe wa Papa waliwaita wanawake wanne waliokaa pamoja naye, wakawahoji kwa kiapo, wakaandika walivyosema. Guda alikuwa mwenzake tangu utoto. Isentrud alimtumikia wakati wa ndoa na mwanzo wa ujane. Irmgard, na mjakazi mwingine aitwaye Elisabeti kama bibi yake, walikuwa naye katika miaka ya mwisho. Wanawake hao hawakusimulia hasa maajabu. Walisimulia habari za chakula, za nguo, za matope, za kufua na kuosha wagonjwa.

Elisabeti alizaliwa mwaka 1207. Baba yake alikuwa Andrea wa Pili, mfalme wa Hungaria. Mama yake, Gertrud, alitoka katika ukoo mkubwa wa Ujerumani. Siku zile wafalme walifunga urafiki wao kwa kuposa watoto wangali wadogo, desturi ambayo wazee wa makabila mengi wameijua pia. Basi mwaka 1211, alipokuwa na miaka 4, mtoto alitolewa kwao, akapelekwa safari ndefu mpaka nchi ya Thuringia, katikati ya Ujerumani, kwenye nyumba ya mtawala Hermann, apate kulelewa na watu wa mchumba wake. Nyumba yao ilikuwa ngome ya mawe iitwayo Wartburg, juu ya kilima chenye mteremko mkali. Chini yake ulikuwa mji wa Eisenach. Mwaka 1213 mama yake aliuawa na wakubwa wa Hungaria. Mtoto alibaki ugenini.

Guda alikumbuka michezo yao. Wasichana walipocheza kurukaruka kwa mguu mmoja, Elisabeti aliwakimbiza wenzake kuelekea kanisa dogo la ngome, ili apate njia ya kuingia ndani, au kama mlango umefungwa, abusu ukuta. Aliposhinda mchezo, fungu la kumi la kile alichopata aliwapa wasichana maskini, akiwaomba wasali Baba Yetu na Salamu Maria.

Si wote nyumbani mle waliopendezwa na mwenendo huo. Hermann alipokufa mwaka 1217, wakubwa wengi walimdharau msichana yule mgeni, wakaona heri arudishwe kwao. Lakini Ludwig, mwana wa Hermann, aliyekuwa amerithi utawala, hakukubali kumwacha. Walifunga ndoa mwaka 1221, bwana akiwa na miaka 21 na bibi arusi miaka 14, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa siku zile.

Walipendana kweli. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana wako wanaodhani kwamba mtu hawezi kuwa mtakatifu asipoichukia ndoa. Ludwig na Elisabeti waliitana ndugu na dada. Bwana akisafiri, bibi alivua nguo nzuri akavaa za kawaida. Akirudi, alijipamba kwa ajili yake, akisema kwamba hafanyi hivyo kwa kiburi bali ili mumewe asipate sababu ya kumtamani mwanamke mwingine. Usiku alikuwa na desturi ya kuamka kusali, naye aliwaagiza wajakazi wamwamshe kwa kumvuta mguu polepole. Usiku mmoja Isentrud alikosea gizani, akauvuta mguu wa bwana. Ludwig akashtuka, akafahamu mara moja kilichotokea, akanyamaza kwa uvumilivu. Aliogopa tu kwamba mkewe atajidhuru kwa kukosa usingizi, na mara nyingine alimshika mkono wakati akisali kando ya kitanda, akimsihi arudi kulala.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Hermann mwaka 1222, Sophie mwaka 1224, na Gertrud mwaka 1227. Wake wa wakubwa, walipomaliza siku zao za kukaa ndani baada ya kuzaa, walikwenda kanisani na kundi kubwa la watu na mavazi ya fahari. Elisabeti alimchukua mtoto mikononi mwake mwenyewe, akavaa nguo ya sufu, akashuka miguu mitupu njia ile ya mawe, akamtolea Bwana mtoto wake pamoja na mshumaa na mwana-kondoo, kwa kumfuata Bikira Maria hekaluni. Aliporudi nyumbani alimpa mwanamke maskini nguo aliyoivaa.

Sanamu na picha nyingi makanisani zamwonyesha ameshika mawaridi katika nguo yake. Watu husimulia kwamba siku moja alikuwa akiwachukulia maskini mikate kwa siri, akakutana na mtu aliyemtaka aonyeshe anachobeba, na alipofunua nguo, mikate ilikuwa imegeuka mawaridi. Ni hadithi nzuri, lakini wale wanawake wanne hawakuisimulia. Walisimulia jambo jingine kuhusu chakula, lililo zito kuliko mawaridi.

Mwaka 1226 Elisabeti alimpata padri wa kumwongoza rohoni, jina lake Konrad wa Marburg. Padri huyo alimkataza kula chakula chochote kilichopatikana kwa dhuluma. Maana katika nyumba za watawala wa siku zile vitu vingi vya mezani havikununuliwa wala havikulimwa na wenyewe: askari na wasimamizi walivichukua vijijini, ng'ombe wa huyu, nafaka ya yule, kwa jina la kodi, na mara nyingi zaidi ya haki. Elisabeti alitii. Akaanza kuuliza. Kila sahani ilipoletwa, aliwauliza watumishi imetoka wapi: katika mashamba ya mumewe yaliyo mali yake ya haki, au kwa watu waliolazimishwa? Ikiwa imetoka kwa watu waliolazimishwa, hakuigusa. Aliketi karibu na mumewe mbele ya wageni, akimega mkate na kuugeuzageuza vidoleni ili wasitambue kwamba hali. Siku nyingine nyama ilikuwa ya haki lakini divai siyo. Hapo aliwaambia wajakazi wake kwamba leo watakula tu. Siku nyingine divai ilitoka katika mashamba ya haki na chakula siyo. Hapo aliwaambia kwamba leo watakunywa tu. Na siku alipojua kwamba vyote viwili ni safi, alipiga makofi kwa furaha kama mtoto, akawaambia wale na kunywa. Siku nyingi alilala na njaa katika nyumba iliyojaa vyakula.

Wakubwa walinung'unika, maana aliyekaa mezani asile alikuwa akiwashitaki bila kusema neno. Walimlaumu Ludwig pia kwa kumruhusu. Lakini Ludwig alimwambia mkewe kwamba yeye naye angependa kufanya vivyo hivyo, ila aliogopa maneno ya watu wa nyumbani mwake. Akaahidi kuyatengeneza mambo yake Mungu akimjalia. Wengine wafadhili maskini kwa kile walichowanyang'anya jana. Huyu mwanamke wa miaka 19 alikuwa ameiona hila hiyo.

Mwaka ule ule wa 1226 njaa kali iliingia Thuringia, na maradhi pamoja nayo. Ludwig alikuwa Italia katika kazi ya Kaisari Federiko wa Pili, na Elisabeti ndiye aliyebaki kusimamia nchi. Alifungua ghala za mumewe. Hakutoa yote kwa siku moja wala hakumrundikia mmoja. Alimgawia kila mtu kadiri ya haja ya siku ile, ili nafaka idumu mpaka mavuno. Fedha ilipokwisha, aliuza mapambo yake na nguo za hariri. Chini ya ngome alifungua nyumba ya wagonjwa yenye vitanda 28 kwa wale wasioweza kupanda mlima kupokea chakula. Yeye mwenyewe alishuka na kupanda mteremko ule mara mbili kila siku. Alitengeneza vitanda, alilisha wagonjwa kwa mkono wake, na kwa kitambaa cha kichwa chake alipangusa mate na jasho usoni mwao. Harufu ya ndani, wakati wa joto, iliwashinda wajakazi wake, wakalalamika. Yeye aliichukua kwa furaha. Pale pale aliwaweka watoto maskini, nao walipomwona akiingia walimkimbilia wote wakimwita mama. Mara moja aliwanunulia mjini vyungu vidogo na pete za kioo vya kuchezea. Alipokuwa akipanda na vitu hivyo katika nguo yake, vilianguka juu ya mawe, lakini hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Mavuno yalipofika, alifanya jambo la busara. Wote walioweza kufanya kazi aliwapa miundu ya kuvunia, na mashati, na viatu ili mabua makavu yasiwachome miguu, akawatuma mashambani wakale jasho lao wenyewe. Wasioweza kufanya kazi aliendelea kuwalisha. Husimuliwa kwamba Ludwig aliporudi kutoka Italia, wasimamizi wake walikwenda kumlaki na mashitaka mengi kwamba mkewe amemaliza mali. Naye aliwajibu wamwache awatendee mema maskini.

Furaha ile haikudumu. Mwaka 1227 Ludwig alikuwa amejitoa kumfuata Kaisari katika vita vya msalaba, kwenda kukomboa Nchi Takatifu. Elisabeti, aliyekuwa mja mzito, alimsindikiza njiani kabla ya kukubali kurudi. Ludwig hakufika mbali. Kusini mwa Italia homa iliwashika askari wengi, naye akafa mjini Otranto tarehe 11 Septemba 1227. Siku chache baadaye, kabla habari hazijafika Thuringia, Elisabeti alimzaa Gertrud. Mtoto huyo hakumwona baba yake kamwe.

Habari zilipofika, Elisabeti alilia kama mtu aliyepoteza akili. Alikuwa na miaka 20 na watoto watatu. Ndipo yakampata yale yanayowapata wajane wengi, pia mbali na Ulaya. Heinrich Raspe, ndugu wa marehemu, alishika utawala, na mjane hakuwa tena na mali mikononi mwake. Wakubwa waliomchukia tangu zamani walipata nafasi yao. Isentrud alishuhudia kwamba bibi yake alitolewa katika ngome na kunyimwa mali yote ya ujane, wakati wa baridi, akashuka mjini na wajakazi wake tu.

Usiku ule alipata mahali katika nyumba ya kuuzia pombe, ndani ya kibanda ambamo mwenye nyumba alikuwa akifuga nguruwe. Akalala mle. Kengele ya usiku ya mapadri Wafransisko ilipolia, aliondoka, akaenda kanisani kwao, akawaomba waimbe wimbo wa kumshukuru Mungu kwa sababu ya taabu iliyompata. Kesho yake hakuna tajiri wa Eisenach aliyethubutu kumpokea, kwa kuwaogopa wakubwa. Aliketi kanisani kutwa. Watoto wake wakateremshwa kutoka ngomeni katika baridi ile, naye hakuwa na pa kuwalaza. Padri mmoja maskini aliwapokea, kisha wakapelekwa kwenye nyumba ya mtu asiyempenda, nyumba kubwa, lakini wakasongwa wote katika chumba kimoja kidogo. Alipoondoka pale alizishukuru kuta kwa kumkinga na mvua na baridi. Watu wa nyumba, alisema, angependa kuwashukuru nao, lakini hakuona kwa jambo gani. Maneno hayo yaonyesha kwamba mtakatifu huyu hakuwa mtu asiyesikia maumivu.

Alikuwapo mjini mwanamke mzee aliyekuwa amelishwa na kutibiwa na Elisabeti muda mrefu. Siku moja wakakutana katika njia nyembamba iliyojaa matope, penye mawe ya kukanyagia. Yule mzee hakumpisha. Alimsukuma, Elisabeti akaanguka matopeni na nguo zake zote. Wajakazi walikasirika, yeye akainuka akicheka, akaenda kuzifua.

Kilichomuuma zaidi ni watoto. Hakuwa na chakula cha kuwapa, akalazimika kuwatuma huku na huku kwa watu wa mbali wapate kulishwa.

Mama yake mdogo, Mathilde, mkuu wa monasteri ya Kitzingen, alisikia habari zake akamwita. Kutoka kwake alipelekwa kwa mjomba wake Ekbert, askofu wa Bamberg. Askofu huyo alimhurumia kwa namna yake: alitaka kumwoza tena, maana mjane kijana wa ukoo wa kifalme hakosi wachumba wenye nchi na askari. Elisabeti alikuwa amekwisha mwahidi Mungu kwamba mumewe akifa hataolewa tena. Alikataa. Mjomba akamweka katika ngome ya Pottenstein mpaka akubali, na wajakazi wakalia kwa hofu. Yeye aliwatuliza kwa neno kali, kwamba wakimlazimisha atajikata pua mwenyewe, pasiwepo mtu wa kumtaka.

Wakati huo askari waliorudi walileta mifupa ya Ludwig mpaka Bamberg. Elisabeti aliitwa. Sanduku likafunguliwa mbele yake. Hapo alimwambia Mungu kwamba alimpenda Ludwig kuliko vitu vyote vya ulimwengu, na kwamba angefurahi kuomba mkate njiani maisha yote pamoja naye. Lakini kinyume cha mapenzi ya Mungu asingemrudisha hai hata kwa gharama ya unywele mmoja. Akafuta machozi, akatoka. Mifupa ilizikwa katika monasteri ya Reinhardsbrunn, kwao Thuringia, na mabwana walioileta wakamsemea mjane huyo mbele ya Heinrich Raspe ili apewe haki yake.

Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, katika kanisa la Wafransisko mjini Eisenach, altare ikiwa imevuliwa nguo zake zote, Elisabeti aliweka mikono juu yake, akayakana mapenzi yake mwenyewe na fahari zote za dunia. Alipotaka kuikana na mali, Padri Konrad alimvuta kutoka altareni. Sababu yake ilikuwa ya haki: mali ile ilihitajiwa kulipa madeni ya marehemu, na maskini walikuwa na fungu lao ndani yake. Ni rahisi zaidi kuitupa mali kuliko kuigawa vizuri, na Elisabeti alipewa kazi ile ngumu.

Alipewa marki 2000 za fedha, pamoja na makao Marburg. Mwanzoni alikaa kijijini karibu na mji ule, katika nyumba iliyoachwa, chini ya ngazi, akizuia jua kwa matawi, na moshi ukimwumiza macho. Kisha alijengewa mjini nyumba ndogo ya miti na udongo. Karibu nayo alijenga nyumba ya wagonjwa, akaiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekuwa amekufa mwaka 1226 na kutangazwa mtakatifu mwaka ule ule wa 1228. Alivaa nguo ya kijivu, na ilipochanika aliitia viraka vya rangi yoyote iliyopatikana.

Siku moja aliamua kugawa marki 500 kwa pamoja. Wakaitwa maskini wa mji na wa vijiji vya mbali, wakaketishwa kwa safu, na amri ikatolewa kwamba atakayeondoka mahali pake ili apokee mara mbili atakatwa nywele. Maana mwenye kupokea mara mbili humnyima mwingine. Jua lilipotua, wenye nguvu walikwenda zao, lakini wazee, vilema na wagonjwa walibaki wamelala kando ya ukuta, na mwezi ukawaka. Elisabeti akawatazama. Akasema hawa wanyonge hawawezi kwenda, wapewe tena. Kila mmoja akaongezewa, na watoto pia. Akaagiza mikate iletwe, mioto iwashwe, miguu yao ioshwe na kupakwa mafuta. Maskini wakaanza kuimba usiku ule. Elisabeti aliposikia nyimbo, alikimbia kuwaambia wajakazi kwamba yeye aliwaambia tangu zamani: yafaa kuwafurahisha watu.

Katika nyumba ya wagonjwa alichagua kazi ambazo wengine walizikimbia. Mtoto mmoja mwenye kupooza, asiye na baba wala mama, alikuwa akiharisha damu. Elisabeti alimlaza kwake, akambeba nje mara sita na zaidi kila usiku, akafua mwenyewe nguo zilizochafuka. Mtoto yule alipokufa, akampokea msichana mwenye ukoma, akamficha ili Padri Konrad asijue, akamwosha, akamtandikia, akamvua viatu. Kupika hakukujua sana, maana hakufunzwa. Mboga zake zilikuwa na maji mengi, na mara moja nguo yake iliungua jikoni. Ili ale jasho lake, alisokota sufu kwa mshahara kwa ajili ya monasteri ya Altenberg. Wajakazi hawakuruhusiwa kumwita Bibi. Walipaswa kumwita Elisabeti tu, waketi kando yake, wale naye sahani moja. Irmgard alimlalamikia kwamba yeye anajipatia thawabu kwa njia hiyo, lakini haangalii hatari yao, kwani wataingiwa na kiburi kwa kuketi karibu na binti mfalme. Elisabeti akamjibu kwamba basi na aketi magotini pake. Akamketisha.

Mfalme Andrea alisikia kwamba bintiye anaishi kama mwombaji. Akamtuma mkubwa mmoja na kundi la watu kumrudisha Hungaria. Mkubwa yule alimkuta amekaa chini akisokota sufu. Akafanya ishara ya msalaba kwa kustaajabu, maana hajaona bado binti wa mfalme akifanya kazi ile. Elisabeti hakukubali kwenda.

Kuhusu Padri Konrad, ukweli usemwe. Alimwongoza kwa ukali uliozidi. Alimwondolea Guda na Isentrud, wenzake wapenzi tangu ujana, akamwekea wanawake wagumu wa kumpeleleza, na alimpiga zaidi ya mara moja kwa makosa madogo. Wengi wamemlaumu, wala si bure. Mwaka 1233 Konrad mwenyewe aliuawa njiani na watu aliowatia hasira kwa ukali wake. Elisabeti alivumilia bila kuvunjika. Alijifananisha na majani yaotayo kando ya mto: maji yakifurika huinama, yakipita huinuka tena yakiwa mazuri na mabichi.

Mwezi wa Novemba 1231 homa ilimshika. Siku moja alikuwa amelala kimya akielekea ukutani, na mjakazi wake Elisabeti alisikia sauti tamu ya kuimba kutoka kwake. Mgonjwa alimweleza kwamba ndege mdogo ameimba kati yake na ukuta, hata naye akalazimika kuimba. Aliungama, akapokea Komunyo Takatifu, akagawa kitu kidogo kilichobaki, isipokuwa nguo kuukuu aliyotaka kuzikwa nayo. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba, akiwa na miaka 24. Maskini walijaa kanisani. Wengine walikata vipande vya nguo yake na hata nywele zake, kwa heshima iliyopita kiasi. Alizikwa tarehe 19 katika kanisa dogo la nyumba ya wagonjwa.

Wagonjwa wengi waliokwenda kusali kaburini kwake walipona, na habari zao ziliandikwa na kuchunguzwa. Siku ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1235, Papa Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu, mjini Perugia. Tarehe 1 Mei 1236 mwili wake uliinuliwa kaburini mbele ya umati mkubwa, na Kaisari Federiko, yule yule ambaye Ludwig alimfuata vitani, alikuja Marburg, akampa taji la dhahabu. Kanisa kubwa la Mtakatifu Elisabeti, lililoanzwa kujengwa mwaka 1235 juu ya kaburi lake, lingali limesimama katika mji ule.

Gertrud, yule aliyezaliwa baada ya baba yake kufa, alikuwa amepelekwa angali mdogo katika monasteri ya Altenberg, pale pale mama yake alipopelekea sufu yake. Alikua mle, akawa mtawa, kisha mkuu wa monasteri, akaiongoza mpaka kufa kwake mwaka 1297. Kanisa lamheshimu kwa jina la Mwenye heri. Na wanaobatizwa kwa jina la Elisabeti wa Hungaria husherehekea somo wao tarehe 17 Novemba, siku aliyokufa. Hadi mwaka 1969 Kanisa liliadhimisha tarehe 19, siku maskini wa Marburg walipomzika.